Mshahara, Soko na Sufuria: Gharama ya Maisha katika Tamthilia Tatu za Shule za Upili

Utangulizi

Makala haya yamechochewa na jibu moja la mtihani wa darasani. Swali lenyewe lilikuwa la kawaida: wanafunzi wa kidato cha tatu walitakiwa kujadili maudhui ya umaskini katika tamthilia ya Kigogo kwa alama 20. Mmoja wao, mkaazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi, hakufuata mkondo wa wenzake. Aliandika kwamba Sudi na Ashua si maskini. Mume ana ufundi wake, mke ana elimu na biashara, ila pesa zao hazifiki. Mwongozo wa kusahihisha haukuwa na hoja hiyo. Nilimkata alama na kuandika pambizoni: "Umetoka nje ya swali."

Siku chache baadaye nililisoma jibu lile tena nikaona kwamba nilimkosea. Mwanafunzi alikuwa ameona katika tamthilia jambo ambalo sisi walimu, kwa mazoea ya kuorodhesha maudhui, huwa tunalipita. Kuna hali ya mtu asiye na kitu, na kuna hali ya mtu anayefanya kazi kuanzia asubuhi hadi jioni lakini bei zinamkimbia. Hali ya kwanza tumezoea kuiita umaskini. Ya pili hatujaipa jina katika uhakiki wetu wa darasani, ingawa ndiyo inayowaandama wazazi wa wanafunzi wengi tunaowafundisha.

Katika makala haya tutadai kwamba tamthilia tatu ambazo zimewahi kuteuliwa kutahiniwa katika shule zetu, yaani Mstahiki Meya (2009) na Bembea ya Maisha za Timothy Arege, pamoja na Kigogo ya Pauline Kea, zinaisawiri hali hii ya pili kwa undani kuliko tunavyodhani. Kila moja inaitazama kutoka mahali pake: ya kwanza katika mshahara, ya pili katika soko, na ya tatu ndani ya nyumba. Tutaonyesha pia pale ambapo tamthilia hizi zinapungukiwa, kisha tutapendekeza namna ya kuzifundisha bila kumvunjia heshima mwanafunzi ambaye suala hili analiishi.

Umaskini na ughali: haja ya kutofautisha

Miongozo mingi huliweka suala la uchumi chini ya vichwa viwili: umaskini na utabaka. Vichwa hivi vina faida yake, kwani humsaidia mtahiniwa kupanga hoja. Hata hivyo, umaskini ukichukuliwa kuwa sifa ya kudumu ya mhusika, kama vile urefu au ufupi wake, tunashindwa kuuliza maswali ya kimsingi. Je, mhusika huyu alikuwa hivi jana? Ni nini kilichobadilika? Ni nani aliyekibadilisha? Ughali, kinyume na umaskini, ni mchakato. Una tarehe ya kuanza, una anayefaidika, na hula vitu kidogo kidogo: leo nyama, kesho maziwa, keshokutwa nauli, halafu usingizi na mazungumzo ya mezani.

Mkaazi wa Eastlands hahitaji kuelezwa mchakato huu. Mitaa hii, kuanzia Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho na Maringo hadi Buruburu, Umoja, Kayole na Dandora, ilijengwa katika vipindi mbalimbali kwa ajili ya wafanyakazi: wa reli, wa manispaa, wa viwandani, makarani na walimu. Si mitaa ya watu wasio na kazi. Kila alfajiri maelfu ya wakaazi wake hufuata barabara ya Jogoo kuelekea Industrial Area na katikati ya jiji, wengine kwa matatu na wengine kwa miguu.

Madai yao kuhusu mshahara na bei nayo si ya jana. Ni katika ukumbi wa Kaloleni ambapo Makhan Singh, mwezi wa Aprili mwaka wa 1950, alidai uhuru hadharani. Yeye na Fred Kubai walipokamatwa mwezi uliofuata, wafanyakazi wa Nairobi waligoma. Miaka mingi baadaye, hoja za aina hiyo zilirudi kwa sura nyingine. Mwaka wa 2011 wananchi waliandamana wakidai bei ya unga ishushwe. Mwaka wa 2017 serikali ililazimika kutoa ruzuku ili pakiti ya kilo 2 iuzwe kwa shilingi 90, na Julai 2022 ikafanya hivyo tena kwa shilingi 100. Mwaka wa 2023 waandamanaji walibeba sufuria tupu vichwani, na mwaka huohuo ushuru wa thamani kwa mafuta ya petroli ukapanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwaka wa 2024 pendekezo la kutoza mkate ushuru wa asilimia 16 lilikuwa miongoni mwa yaliyowakasirisha vijana, hata baada ya kuondolewa katika mswada wa fedha.

Msomaji aliyekulia katika historia hii anapokutana na Cheneo au Sagamoyo hasomi habari za nchi ya mbali.

Mshahara: Mstahiki Meya

Katika Mstahiki Meya, wanaoumia si ombaomba bali wafanyakazi wa baraza la mji. Wana vyeo, wana majukumu, na mji hauwezi kwenda bila wao. Wanapogoma, taka hurundikana na uvundo unamfikia hata Meya mwenyewe. Arege anatuonyesha kwamba thamani ya kazi ya mtu huonekana anapoiacha, ilhali bei ya kazi hiyohiyo imewekwa chini alipokuwa akiifanya.

Wawakilishi wa wafanyakazi wanapofika mbele ya Meya, hawaombi utajiri. Wanachodai ni malipo yanayolingana na maisha yalivyo. Meya kwa upande wake ana pesa za kuwakaribisha wageni kwa vinywaji vya kifahari, na mkewe hujifungulia ng'ambo. Kinaya cha tamthilia hii kimejengwa juu ya mlinganisho huo. Lakini mahali ambapo kinaya hicho kinauma zaidi ni katika jambo dogo: Meya analalamikia udogo wa mayai anayoletewa. Wanafunzi hucheka hapa, na ni haki yao kucheka. Mwalimu asiishie kwenye kicheko. Yai ni kipimo. Kwa Meya, ughali wa maisha unaonekana katika ukubwa wa yai lililo kwenye sahani yake. Kwa mfanyakazi wake, swali ni kama yai lipo. Mtu anayelalamikia udogo wa yai hawezi kuelewa lugha ya mtu anayezungumzia kukosa kwake, hata wakiwa wameketi katika chumba kimoja wakijadili mshahara. Hivyo basi, mazungumzo kati ya Meya na wafanyakazi yanavunjika kwa sababu ya ukatili wake, na pia kwa sababu pande mbili hizi hazitumii vipimo vilevile.

Jambo la pili ni wakati. Dawa hazipo hospitalini, na Daktari Siki anapolalamika, Meya humtaka asubiri dawa zilizo njiani. Mhakiki anaweza kuliita jambo hili utepetevu wa uongozi, na hatakuwa amekosea. Lakini tazama athari yake kwa familia. Kusubiri nako ni gharama. Mwenye pesa hulipia haraka. Asiye nazo hulipa kwa siku zake, na pengine kwa maisha ya mtoto wake. Mama wa Eastlands anayeamka saa kumi ili awahi foleni ya zahanati, kisha akakatwa mshahara wa siku kwa kutofika kazini, amelipia matibabu yale "ya bure" mara mbili.

Soko: Kigogo

Kama Arege alianza na mshahara, Pauline Kea anaanza na mahali ambapo mshahara huenda. Soko la Chapakazi limefungwa kwa amri ya Majoka, ambaye anataka kujenga hoteli ya kifahari mahali pale. Sudi, Boza na Kombe wanaendelea kuchonga vinyago katika karakana yao, lakini maisha yaliyowazunguka yamebadilika. Soko likifungwa, muuzaji hana pa kuuzia na mnunuzi hana pa kununulia kwa bei nafuu. Kea anaionyesha sera ya kiuchumi kama kitendo kinachofanywa na mtu mwenye jina, siku fulani, kwa sababu ya tamaa yake. Bei haikupanda yenyewe kama jua.

Msomaji wa Eastlands ana soko lake la kufikiria hapa. Gikomba imeungua mara nyingi, na kila baada ya moto huzuka swali la nani anakitaka kiwanja kile. Kwa hiyo mwanafunzi haoni ajabu Majoka kuona hoteli pale ambapo wengine wanaona riziki.

Sasa turudi kwa Ashua. Ni mwanamke msomi anayeuza maembe. Soko limefungwa, watoto hawana chakula, naye anakwenda kwa Majoka kuomba msaada. Safari hiyo inamtia katika mtego, anafungwa, na akiwa kizuizini anamgeukia mumewe na kudai talaka kwa kuwa amechoka na maisha ya dhiki. Darasani mwangu kila mwaka hujitokeza wanafunzi wanaomhukumu upesi: Ashua ni msaliti, Ashua ana tamaa. Wanamlinganisha na Tunu, mwanaharakati asiyeyumba, na kumwona hafai.

Tunadai kwamba huu ni usomaji wa juu juu. Kea hakumuumba Ashua ili awe kivuli cha Tunu. Tunu anapigania soko kama suala la haki ya umma. Ashua anakutana na suala hilohilo saa ya jioni, sufuria ikiwa tupu. Msimamo wa Sudi wa kukataa kuchonga kinyago cha shujaa wa Majoka ni wa kusifiwa, nasi huusifu. Lakini msimamo huo una gharama, na tamthilia inatuonyesha wazi ni nani anayeilipa kwanza. Ashua ndiye anayewatazama watoto machoni. Kudai kwake talaka si kukosa mapenzi. Ni mahali ambapo ughali umekwisha kula mshahara, ukala akiba, ukala chakula, na sasa umefika kwenye ndoa. Mwanafunzi niliyemtaja mwanzoni aliliandika jambo hili kwa sentensi moja ambayo sitaisahau: kwamba Ashua hakumchoka Sudi, alichoka kuhesabu.

Usawiri wa Boza na mkewe Asiya unaitia nguvu hoja hii. Nyumba yao haina njaa, kwa kuwa Asiya anauza pombe haramu na amepata zabuni ya kuoka keki ya sherehe za uhuru. Kea anaziweka nyumba mbili za mafundi wa karakana moja kando kwa kando. Iliyoshiba ni ile iliyokubali kula na mkubwa. Keki inapoletwa karakanani, Boza anaiona kuwa bahati, naye Sudi anaikataa kwa kuwa ni makombo. Keki hiyo ni jazanda inayofahamika kwa urahisi, na wanafunzi huieleza vizuri. Ambalo hawalielezi ni kwamba ughali humlazimisha kila mfanyakazi kuchagua kati ya tumbo na heshima, na kwamba jamii inayowalazimisha watu wake kuchagua hivyo kila siku imeoza hata kabla ya risasi kufyatuliwa.

Sagamoyo pia hupandishiwa mishahara huku kodi nayo ikipanda. Mwalimu anayesoma sehemu hii huku akiikumbuka hati yake ya malipo ya mwezi hatahitaji mwongozo.

Nyumba: Bembea ya Maisha

Katika Bembea ya Maisha hakuna Meya wala Majoka. Kuna familia. Sara ni mgonjwa na matibabu yanahitaji pesa. Neema, bintiye, ameolewa na Bunju na wanaishi mjini, wote wawili wakiwa na kipato. Kwa vigezo vya miongozo yetu, nyumba hii haina umaskini. Hata hivyo, ndani yake kuna mvutano wa mara kwa mara kuhusu pesa: zipi ni za nyumba hii, zipi ni za wazazi wa mke, na nani mwenye kauli ya mwisho.

Wahakiki wengi humweka Bunju katika kundi la wanaume wachoyo na wenye taasubi ya kiume. Ushahidi upo. Lakini tukiishia hapo, tunakuwa tumeigeuza hesabu kuwa tabia. Mishahara miwili ya mjini inabebeshwa karo, nyumba, chakula, hospitali na wazazi wa pande mbili. Kwa jadi, mzigo wa mzee mgonjwa ulibebwa na ukoo mzima. Mjini umewaangukia watu wawili ambao hawana shamba wala ghala. Neema anasukumwa na wajibu kwa mama aliyemlea. Bunju anasukumwa na hofu. Wote wawili wana hoja, na ndiyo sababu ugomvi wao hauishi. Arege anafaulu kwa kutompa yeyote kati yao ushindi rahisi.

Suala la malazi ya Sara linaongeza uzito. Mila haimruhusu mzazi kulala kwa mkwe, kwa hiyo Sara analala kwa Asna, binti yake mwingine anayeishi katika mtaa wa watu wa kipato cha chini. Hapa mila na kodi ya nyumba vinakutana. Mila ile ilitungwa katika boma lenye nafasi, ambako mgeni angejengewa au kupelekwa nyumba ya jirani wa ukoo. Katika chumba kimoja cha kukodi, chenye pazia linalotenga kitanda na jiko, heshima ya mzazi na mtoto inapatikana kwa shida. Mwanafunzi anayeishi katika nyumba ya namna hiyo anajua ni nani hulala sakafuni wageni wanapokuja.

Lugha ya ughali

Mtindo nao unastahili kuzingatiwa. Ughali huzaa lugha yake, na lugha hiyo ni fasihi simulizi inayokua mbele ya macho yetu. Mboga inayoliwa zaidi mitaani ilipewa jina la sukuma wiki kwa kuwa kazi yake ni kuisukuma wiki hadi siku ya malipo. Ni jazanda kamili ndani ya maneno mawili. Mkopo wa simu ulioanza mwaka wa 2019 uliitwa Fuliza, kitenzi ambacho maana yake ni kutenda bila kukoma. Walioupa jina huenda walikusudia wepesi wa kuendelea na malipo; mkopaji anaposikia neno hilo husikia pia deni lisilokoma. Hii ni mifano mizuri ya kufundishia utata wa maana.

Tazama vilevile methali tunayowakaririsha watoto: haba na haba hujaza kibaba. Kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka, na methali ilihimiza kuweka akiba. Katika uchumi wa kadogo, mtu hununua mafuta ya kupima, unga wa kupima na sabuni ya kipande kwa sababu hana pesa za kununulia pakiti nzima. Anayenunua mafuta ya shilingi 20 kila jioni kwa siku 30 ametumia shilingi 600, na kwa kawaida pesa hizohizo zikilipwa kwa pamoja zingemletea mafuta mengi zaidi. Haba na haba hapa humwaga kibaba. Mwanafunzi akiweza kueleza kwa nini methali imegeuka, ameelewa methali na uchumi kwa pamoja.

Isitoshe, vijana wa Dandora walikwisha kuyasema haya kwa sauti yao. Kundi la Kalamashaka, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng, liliimba maisha ya mtaa huo katika miaka ambayo vitabu teule vilikuwa bado vinauzungusha mji kwa majina ya kubuni.

Upungufu wa tamthilia hizi

Ni vyema pia kutaja udhaifu. Mstahiki Meya inakamilika kwa kukamatwa kwa Meya, na Kigogo kwa umma kumwacha mkono Majoka. Miisho hii inaridhisha jukwaani. Hata hivyo, hatuambiwi kama mshahara wa Cheneo uliongezwa, wala kama bei za Sagamoyo zilishuka. Mwanafunzi wa Eastlands ana haki ya kuuliza. Wazazi wake walishangilia mabadiliko ya uongozi mwaka wa 2002, na uongozi umebadilika tena mwaka wa 2013 na wa 2022, lakini mazungumzo ya bei ya unga hayajakwisha. Tamthilia zetu hupenda kumpa ughali sura ya mtu mmoja ili aweze kuangushwa. Bembea ya Maisha inaepuka kosa hilo, lakini inaegemea upande wa pili: inategemea zaidi kubadilika kwa mioyo ya wahusika, kana kwamba upendo ukirudi nyumbani, karo na dawa zitajilipa. Bado tunasubiri mwandishi atakayeviunganisha vyote vitatu, yaani mshahara, soko na sufuria, katika kazi moja, na kuutaja mtaa kwa jina lake.

Mapendekezo kwa walimu

Kwanza, tuwafundishe wanafunzi kufuatilia shilingi ndani ya tamthilia. Ni nani anaipata, anaitumia wapi, inapungua lini, na nani anajinyima ili nyingine isipungue? Zoezi hili huwapa hoja nyingi kuliko kukariri sifa za wahusika.

Pili, tuwe waangalifu na heshima ya darasa. Si vizuri kumuuliza mwanafunzi mbele ya wenzake walikula nini nyumbani, hata kwa nia njema. Ashua yupo, Neema yupo. Tufungue madaftari yao badala ya madaftari ya watoto wetu. Mwanafunzi akitaka kusema yake, atayasema kupitia mhusika, na tutamwelewa.

Tatu, tupanue miongozo yetu ya kusahihisha. Jibu linalotofautisha umaskini na ughali, likitolewa ushahidi kutoka kwenye matini, linastahili alama.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kupanda kwa gharama ya maisha si maudhui madogo ya kujazia orodha. Katika tamthilia hizi tatu ndicho kinachovunja mazungumzo kati ya mwajiri na mfanyakazi, kinachomfikisha Ashua kwenye mlango wa Majoka, na kinachowafanya Neema na Bunju wagombane huku wote wakiwa na kazi. Vitabu teule hubadilika kila baada ya miaka michache. Mitaa tunayoifundishia haibadiliki upesi hivyo.

Nilimwita mwanafunzi yule na kumrudishia alama zake. Alizipokea bila maneno mengi, akaniuliza kama katika mtihani wa taifa angeandika vilevile. Nilimwambia aandike, ila atoe ushahidi wa kutosha. Ni swali ambalo tungependa watahini nao walijibu.